Bitana ya Udongo

Desemba 2

Sijashuka ngazi tangu Oktoba. Nyumba zetu hapa Pentreath, mji wetu wa mgodi, zimesimama juu ya nguzo, ili upepo upite chini na mafuriko yakija yapite bila kubisha hodi. Nilipokuwa na miguu yenye nguvu niliupenda ujanja huo. Sasa naishi hewani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Daktari alinipigia simu jana. Moyo umechoka, alisema, na mimi niutumie msimu huu wa mvua kuweka mambo yangu sawa. Mambo yangu ni jambo moja. Ninaliandika hapa kidogo kidogo, ili siku ya kulisema kwa mdomo nisipate pa kukimbilia.

Noelene Haack amekuja kuniosha, kama kila asubuhi tangu mke wangu Merle afariki. Alikuwa muuguzi katika zahanati yetu. Sasa amestaafu, anafuga ng'ombe kwenye shamba la baba yake, kando ya kijito, chini ya bwawa la mgodi. Kila akija huniletea jagi la maji ya kisima chake, ya baridi, limefunikwa kitambaa chenye shanga pembeni. Kila akiondoka nayamwaga kwenye chungu cha ua lililo dirishani, kisha nakunywa maji yangu ya mvua kutoka kwenye tangi.

Leo amenikuta na kikombe cha maji ya tangi mkononi.

"Mzee, maji yangu yamekukosea nini?"

"Tumbo limeshazoea ya tangi."

"Tangi lile limejaa vyura!"

"Si ndiyo nyama yenyewe? Mgonjwa anahitaji nguvu."

Amecheka mpaka akaegemea mlango. Na mimi nimecheka. Nakiandika kicheko hicho kwa sababu nacho ni sehemu ya kosa.

Desemba 5

Joto. Mawingu yanakuja saa tisa alasiri, yananguruma, yanaondoka bila kutoa kitu. Kasuku weupe wanapigana juu ya paa.

Desemba 9

Bronte amekuja, binti wa binti yangu. Amepanda ngazi mbili mbili na viatu vyake vya kazini, vumbi jekundu mpaka magotini.

"Babu, upo?"

"Nipo, kwa ubishi tu."

"Vizuri. Usife kabla sijakutumia."

Yeye ni mhandisi wa udongo, kazi niliyoifanya mimi, kwenye mgodi uleule. Wanajenga bwawa jipya kando ya lile langu. Mgodi unasaga mwamba, unatoa dhahabu, na kinachobaki ni tope lenye sumu ambalo lazima likae mahali milele. Chini ya tope hilo hutandazwa udongo wa mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka, ukashindiliwa kwa rola mpaka maji yasipite. Sisi tuliuita bitana. Kama bitana ya koti, haionekani, na koti likivuja baridi hakuna anayeilaumu mpaka ashone upya.

Bronte amekaa kwenye kiti cha Merle akala biskuti zangu zote. Mkandarasi wake analalamika. Masharti yanataka udongo uletwe na unyevu mwingi, nao unanata kwenye mashine, kazi haiendi, na mvua kubwa iko njiani. Anaomba aruhusiwe kuuweka ukiwa mkavu zaidi.

"Nikakumbuka," akasema, "wewe ulilegeza sharti hilihili. Vitabu vinasema mkavu ni hatari, najua. Lakini bwawa lako lipo."

"Lipo."

"Na halijavuja."

Nilisema, "Hm."

"Hiyo nitaichukua kama ndiyo." Akanibusu kipara. "Nataka uniandikie maneno mawili ya kuunga mkono. Wakubwa wa kampuni wanakuheshimu kuliko kitabu chochote."

Nilimwambia nimechoka. Ilikuwa kweli. Nimegundua kwamba mgonjwa anaweza kudanganya siku nzima kwa kusema kweli tupu.

Desemba 10

Hili hapa.

Mwaka tuliojenga bwawa mvua zilitangulia. Mwamba wa chini ulikuwa na nyufa, na bitana ilikuwa haijafika hata nusu. Masharti niliyaandika mimi mwenyewe: udongo uletwe ukiwa na maji zaidi kidogo ya kiasi kinachofanya kazi iwe rahisi. Udongo wa namna hiyo ni karaha. Unang'ang'ania magurudumu, rola inateleza, madereva wanakutukania mama. Ukiwa mkavu kazi inakimbia, na kipimo cha uzito kinatoa majibu mazuri. Ndipo mtego ulipo. Uzito unaweza kufika kiwango na maji yakapita vilevile, kwa sababu madonge makavu hayafi. Yanabanana tu, kama watu kwenye foleni, na katikati yao njia zinabaki. Ni nyembamba kama unywele, lakini maji hayadai njia pana. Udongo wenye unyevu hufanya jambo jingine: madonge yanalegea, yanasahau umbo lake, yanakuwa kitu kimoja.

Ross Gilhooly, msimamizi wa mkandarasi, alikuja kwenye kibanda changu amelowa jasho. "Injinia, tupe mkavu au turudi nyumbani." Mkurugenzi wa mgodi alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kuuliza mji huu utakula nini kama bwawa halitakuwa tayari.

Nikaandika: Udongo utakubaliwa ukiwa mkavu kuliko ilivyoelezwa awali, mradi uzito wake ufikie kiwango. Sentensi moja. Mpaka leo siwezi kuikosoa sarufi yake.

Kabla ya kutia saini nilijaribu maabara kipande kimoja cha udongo huo mkavu. Kilipitisha maji. Nikajiambia kilipata ufa nilipokuwa nakitoa kwenye bomba la kuchotea sampuli. Nikakitupa nyuma ya kibanda, na sikujaribu cha pili. Mtu asiyejua angejaribu cha pili.

Visima vya uchunguzi tulivichimba upande wa juu na pembeni, palipo na mwamba mgumu. Upande wa chini lilikuwa shamba la akina Haack, na mzee Haack alikataa magari yetu. Sikumbembeleza. Ndiyo maana bwawa langu halijavuja: hakuna aliyewahi kutazama linapovujia.

Desemba 14

Ross amekuja na bia, ingawa mimi siruhusiwi na yeye hatakiwi. Goti lake moja ni la chuma. Tumesikiliza kriketi redioni. Alipomaliza kopo la kwanza nikamwambia kuhusu Bronte.

Akazima redio, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya timu yetu ikiwa inapiga.

"Unataka kusema."

"Lazima."

"Lazima ya nani? Injinia, sikiliza. Mtoto atafanya kazi yake, nao wana mitambo siku hizi, watapima wenyewe."

"Watapima uzito. Kama sisi."

"Basi mwambie asilegeze sharti, aache mkavu. Mwambie umeota. Kwa nini ufukue la zamani? Kijana wangu anaendesha greda pale. Nusu ya mji inaendesha kitu pale."

"Na Noelene?"

"Noelene ana afya kama farasi."

"Ross, wewe maji yake umewahi kunywa?"

Akatazama kopo lake. "Mimi huwa nakunywa bia," akasema, na hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote hii nilikuwa na mwenzangu.

Desemba 25

Noelene ameleta paja la nguruwe, tumekula na jasho likitutoka. Alilichemsha katika maji yake. Nimekula vipande vitatu. Bronte alivaa kofia ya karatasi akatuimbia vibaya. Ilikuwa Krismasi njema na nilitamani iishe.

Januari 3

Mvua imeanza. Ya kweli sasa, ya kusimama.

Januari 4

Mvua.

Januari 11

Leo Noelene hakuongea wakati wa kuniosha. Yeye huongea hata anapokata kucha. Aliponivisha shati akaketi kitandani, kitu ambacho muuguzi hafanyi.

"Mzee, ndama wawili wamezaliwa wafu. Mwaka jana mmoja. Na maji, sijui ni ulimi wangu, yana ladha ya msumari. Wifi alipokuja kutoka mjini alikunywa akatema. Mimi nimezoea, sioni tofauti." Akakunja taulo, akalikunjua. "Wewe ni mtu wa mabwawa. Niambie tu, nina haki ya kuogopa?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuna mtu atakayenifungulia upana ule tena.

Nikasema, "Kiangazi kilikuwa kirefu. Chumvi hupanda kisimani."

"Ee, hata mimi nilifikiri hivyo." Uso wake ulipumzika. "Ahsante. Nilikuwa naogopa kuonekana mjinga kwa kwenda kuwauliza mgodini."

Akainuka kwenda kunitilia maji. Njiani akashika ua la dirishani. "Na hili nalo ncha zake zimeungua. Unalimwagilia kweli, mzee?"

"Kila siku," nikasema.

Januari 12

Mvua. Nimelimwagilia.

Januari 20

Bronte kwenye simu. Wakubwa wa kampuni watakaa kikao katikati ya Februari, na ardhi ikikauka mashine zianze. Ameshaandika sharti jipya. Kwa furaha akanisomea. Ni sentensi yangu, na ameipa jina langu: ndani ya ofisi wanaiita Sharti la Trembath.

"Babu, umenyamaza. Unalia?"

"Bronte, kuhusu bwawa la zamani..."

"Najua. Najua, utasema ulikuwa unafanya kazi yako tu. Acha unyenyekevu. Mimi nimekua nikiambiwa mimi ni mjukuu wa aliyejenga bwawa. Unajua hiyo ilinisaidia kiasi gani, msichana peke yake katika darasa la wavulana wanaonuka?"

Nikamwambia avae koti la mvua.

Nilidhani kinachonifunga mdomo ni jina langu. Leo nimeona kwamba jina langu ameshalivaa yeye.

Januari 27

Siwezi kuinuka bila kushikwa. Noelene amenibeba kutoka bafuni kama gunia la viazi, akisema, "Mwepesi wewe, ungekuwa ndama ningekuuza kwa hasara." Nilimshika shingoni. Nyuma ya sikio lake kuna kovu dogo ambalo sikulijua.

Februari 2

Kimbunga kilivunjikia pwani kikageuka kuwa mvua inayokaa. Kijito kimepanda juu ya daraja. Noelene hawezi kufika. Bronte alikuja mchana na pikapu ya kazini ili anichukue anipeleke hospitali ya mjini, akavuka dakika za mwisho, na alipogeuza gari barabara haikuwepo tena. Amepanda ngazi amelowa chapachapa.

"Hongera, Babu. Umepata mfungwa mwenzako."

Chini ya nyumba maji yamefika kwenye nguzo. Tumekula sadini na mkate. Ameweka bafuni ndoo ya udongo aliyokuwa nayo kwenye pikapu, isichukuliwe na maji. Ni udongo kutoka kwenye rundo lao, ule wa bitana. Nimenusa nikiwa kitandani. Ni udongo wangu, kutoka shimo lilelile.

Februari 3

Umeme hakuna tangu alfajiri. Mvua juu ya bati inapiga kelele mpaka lazima mtu aseme jambo mara mbili. Nilimwambia Bronte alete ndoo mezani.

"Tucheze vikombe," nikasema.

Akacheka. Alipokuwa mdogo tulikaa kijitoni tukafinyanga vikombe, na yule ambaye kikombe chake kilishika maji mpaka tufike nyumbani alipata aiskrimu.

"Babu, nina shahada mbili."

"Basi utashinda kirahisi."

Alitoboa chini makopo mawili ya maziwa kwa msumari. Nilimwelekeza naye akafanya, kwa sababu mikono yangu haishiki. Kopo la kwanza, udongo kama anavyoutaka mkandarasi: mkavu, wa kuvunjikavunjika. Akaushindilia kwa mpini wa nyundo mpaka jasho likamtoka. Kopo la pili, udongo uliolowa, unaonata vidoleni. Akapima yote mawili kwenye mizani ya Merle ya kuokea keki, baada ya kuondoa uzito wa maji kwa hesabu. Mkavu ulishinda kidogo.

"Haya," akasema. "Uzito umefika. Sharti la Trembath limetimia."

Tukamimina maji juu, tukayaweka makopo juu ya sahani nyeupe. Akaanza kunisimulia habari za mpenzi wake mpya, mwalimu, anayeogopa vyura. Nilimsikiliza nikitazama sahani. Alikuwa katikati ya sentensi tone la kwanza lilipoanguka. Kisha la pili. Sahani ya kopo la udongo mkavu ilikuwa na ziwa dogo jekundu. Nyingine ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka kabatini.

Bronte akaacha kusimulia. Hakushangaa, kwa sababu kitabu kilishamwambia. Alikuwa ananitazama mimi, si sahani.

"Babu. Bwawa la zamani lilitumia upi?"

"Huo unaovuja."

"Ulijua?"

"Nilijaribu kipande kimoja. Nikakitupa."

Akachovya kidole kwenye ziwa dogo la sahani.

"Kwa nini hukusema tu?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa darasa la wavulana. "Neno moja. Nimekaa kwenye kiti hiki Desemba nimekuuliza, ukasema hm. Umenifanya nifinyange udongo kama mtoto ili wewe usilazimike kufungua mdomo."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo!"

"Sina neno jingine, mjukuu wangu."

Alichukua makopo yote mawili akaenda nayo barazani. Nilidhani atayatupa kwenye maji. Nilipogeuza shingo nikamwona ameyashika kifuani, mvua ikimpiga, hana pa kwenda. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mafuriko pande zote. Baada ya muda akarudi ndani, kwa sababu ilibidi.

Februari 4

Maji hayapungui. Bronte ananihudumia bila kunitazama. Ananiosha. Sikutaka aone mwili huu, na sasa ameuona.

Jioni akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Ross."

"Noelene?"

Nikatikisa kichwa. Akatazama kitambaa cha shanga kilichobaki mezani bila jagi la Noelene, akatazama ua la dirishani lililobaki vijiti. Yeye ni mwepesi kuelewa, amechukua kwa bibi yake. Aliweka mkono mdomoni.

"Sharti nitalirudisha mimi," akasema. "Nitawaambia na sababu, na jina lako nitalitaja. Hilo ni langu. Lakini Noelene ni wako. Usithubutu kufa kabla."

Februari 7

Daraja limeonekana asubuhi, limejaa matope na matawi. Bronte aliondoka wa kwanza, bila mimi; hospitali niliikataa mpaka nimwone Noelene. Noelene akafika nyuma yake, amebeba jagi.

"Mzee! Nilidhani vyura wamekula wewe badala yake."

Nilimwomba asinioshe kwanza. Akaketi. Nikamwambia yote, kwa mpangilio, kama ripoti, kwa sababu sijui kusema namna nyingine: udongo mkavu, kipande nilichokitupa, visima tulivyochimba mahali pasipofaa. Nikamwambia kwamba Januari aliponiuliza nilimdanganya.

Alikuwa ameshika jagi mapajani kwa mikono miwili. Nilipomaliza akasema jambo moja tu.

"Ndiyo maana hunywi maji yangu."

"Ndiyo."

"Kila asubuhi. Mimi nakuchotea, nakuwekea barafu. Nacheka nawe na vyura wako." Aliinuka taratibu kama mtu mwenye mgonjwa mkononi. "Baba yangu alikunywa maji hayo mpaka alipokufa, mzee. Alikufa kwa figo. Uliniletea maua."

Nikanyoosha mkono kulichukua jagi. Nilitaka kunywa. Sijui nilifikiri nini.

Akalivuta. "Usijifanye shujaa mbele yangu," akasema.

Akamwaga maji yote kwenye sinki, akasuuza jagi, akalikausha, akaondoka nalo. Hakuniosha. Nilisikia ngazi zote, mpaka ya mwisho.

Februari 8

Noelene hakuja.

Februari 9

Hakuja. Zahanati imemtuma kijana mwenye glavu anayeniita "mpendwa".

Februari 16

Ross hakupanda ngazi. Alisimama chini uani akapaza sauti mpaka majirani wasikie.

"Umefurahi sasa? Wamesimamisha kazi! Mashine zimefungwa mpaka kiangazi cha mwakani! Kijana wangu amerudishwa nyumbani leo!"

Sina sauti ya kujibu kutoka huku juu. Nililala nikamsikiliza. Mwishowe alinyamaza, na sikusikia goti lake likiondoka. Alikaa kwenye ngazi ya chini muda mrefu. Nadhani alikuwa analia, au amechoka tu. Sisi wawili tumejenga kitu kimoja na hatuwezi kukaa chumba kimoja tena.

Februari 24

Watu wa serikali wamekuja na kinasa sauti. Bronte aliketi kando yangu. Mezani aliweka makopo mawili ya maziwa. Nilisema kila kitu, nikapumzika, nikasema tena. Wakubwa wa kampuni wamerudisha sharti la unyevu kama lilivyokuwa kabla yangu. Bwawa langu litachimbwa kuchunguzwa upande wa chini. Jina la Trembath limetolewa kwenye karatasi zao.

Wakati wa kuondoka Bronte alinifunika miguu kwa shuka. Hakunibusu kipara. Lakini alizikunja pembe za shuka chini ya visigino kama anavyojua napenda.

Machi 2

Vipimo vya kisima cha Noelene vimetoka. Kijana mwenye glavu ndiye aliyeniambia, kana kwamba ni habari za kriketi. Kisima kimefungwa kwa mnyororo. Kampuni inaahidi gari la maji, bado halijafika.

Machi 9

Sipumui vizuri nikilala. Natazama dari. Nimeijua kila mbao.

Machi 15

Saa mbili asubuhi nilisikia gari la Noelene. Nikakosea kuhesabu mapigo ya moyo wangu. Ngazi zikalia. Akaingia, amekonda, hakunisalimu. Akavua saa, akakunja mikono ya shati.

"Yule kijana anakuosha kama anapaka rangi ukuta," akasema. "Una vidonda mgongoni."

"Noelene..."

"Sijaja kusamehe. Usiniombe. Nimekuja kuosha mgongo."

Akauosha. Mikono ilikuwa ileile, bila maneno. Nilipogeuzwa nikaona jagi halipo. Alipomaliza akavaa saa yake, akasimama mlangoni.

"Nina madumu kwenye gari. Gari lao la maji halijafika, na ng'ombe wananiangalia. Nitachota kwenye tangi lako leo, na kesho, na kila siku."

Hakuwa anauliza. Nikasema, "Chota. Chota yote."

"Vyura na kila kitu," akasema.

Hakucheka. Akashuka.

Machi 16

Amekuja, ameosha, amechota.

Machi 21

Mvua imekoma. Anga ni la bluu kali, kasuku wamerudi juu ya paa, na Ross, nasikia, amehamia kwa dada yake Townsville.

Noelene anachota. Bomba la tangi liko chini ya dirisha langu, kwa hiyo namsikia bila kumwona: dumu la kwanza linaanza kwa kishindo, kisha sauti inapanda inapojaa, kisha anafunga, kisha la pili. Yeye hujaza yote. Baadaye hugonga ukuta wa tangi kwa ngumi kujua kilichobaki. Jana mlio ulikuwa mzito. Leo sehemu ya juu imelia kitupu.

Mpaka mvua zijazo ni mbali, na mimi sizihesabu. Kijana mwenye glavu alitaka kunijazia kikombe kwanza, kabla Noelene hajafika, nikamkataza. Midomo imekauka. Nangoja dumu la mwisho lijae.